Mahindi ya Mwalimu, Masikio Yangu

Nilimwita Mwalimu kama walivyomwita watu wote, kuanzia wanafunzi wake hadi vijana wa boda boda wa mpakani Busia. Tofauti ni kwamba wao walimwita hivyo kwa heshima, mimi kwa amri. Nilikuwa bado shule ya msingi aliponiambia, bila kupandisha sauti, nisimwite tena baba mpaka mambo fulani yaeleweke. Mama yangu amekufa mambo hayo hayajaeleweka. Ndiyo maana naandika habari za mtu huyu bila kumtaja jina. Jina analo, tena zuri, lakini aliniondolea ruhusa ya kulitumia, na sasa hata nikipewa silitaki.

Nitaanza na mazuri yake. Mama hakupenda mtu asemwe upande mmoja, hata mtu aliyemsema yeye upande mmoja.

Alifundisha baiolojia katika sekondari moja huku Masinya. Shule ilikuwa na chumba kilichoandikwa mlangoni kuwa ni maabara, ndani mna meza tupu na popo. Maabara ya kweli ilikuwa nje nyuma yake, kishamba cha mahindi alichokilima mwenyewe kwa jembe, huku suruali ameikunja magotini na tai ameitupia begani. Mstari mmoja alipanda mahindi meupe ya kienyeji, mstari wa pili mahindi ya zambarau. Mbelewele za kileleni zilipokaribia kuchanua alizivika mifuko ya kaki, na mahindi machanga akayavika vifuko vidogo kabla nywele zake hazijachomoza. Wapita njia waliona mahindi yamevaa kofia wakadhani ni dawa ya wezi, na kweli hakuna mwizi aliyewahi kuligusa shamba lile.

Asubuhi umande ukishakauka alitikisa mbelewele ndani ya mfuko, akaibeba ile chavua ya manjano taratibu kama mtu abebaye yai, akaimwagia kwenye nywele za hindi alilolichagua. "Leo nafunga ndoa," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Wazee wa pande zote wamekubali."

Mavuno ya ndoa hiyo yalikuwa zambarau tupu. Wanafunzi wakauliza, je, weupe umekufa? Hapo ndipo alipofurahi, maana somo lake lote lilikuwa humo. "Haujafa," alisema. "Zambarau ina sauti kubwa, nyeupe ina sauti ndogo. Wakikaa nyumba moja wewe unamsikia mmoja tu. Ngojeni wajukuu." Msimu uliofuata alipanda zile punje za zambarau, akazifunga zijichavushe zenyewe, na hindi la wajukuu lilipomenywa lilikuwa na madoa kama kanga, punje tatu za zambarau kwa kila moja nyeupe. Darasa zima lilikaa chini kuhesabu punje kwa vidole. Miaka mingi imepita na bado sijaona mtu mwingine aliyeweza kuwanyamazisha watoto wa Busia kwa hindi bichi.

Kufundisha bahati alitumia sarafu mbili, moja ya Uganda na moja ya Kenya, kwa sababu hapa kwetu kila mfuko una zote mbili. Ya Uganda ni mama, ya Kenya ni baba. Kila mzazi hutoa upande mmoja tu wa sarafu yake, na mtoto hupokea pande mbili zilizoangukia. Alizirusha juu mara nyingi kwa siku hata wengine wakaanza kucheza kamari naye. Kiingereza cha mtihani alikiandika ubaoni, lakini maelezo aliyatoa kwa Kiswahili, maana alisema Kiingereza kinawafanya watoto waandike jambo bila kulimeza.

Alikuwa na misemo. "Uwezekano si ahadi," huo ndio uliokuwa mkubwa. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, zambarau tatu zimeshapita, sasa ya nne lazima nyeupe," alimgeukia akiwa amekasirika kabisa: "Nani kaiambia punje ya nne kwamba wenzake watatu wamepita? Punje haina jirani wa kuiletea umbea!" Kulikuwa na bwana mmoja wa hapa kijijini aliyetaka kuoa mke wa pili kwa kuwa wa kwanza alizaa mabinti watupu. Mwalimu alimfuata kwake, akatoa sarafu kwenye mfuko wa shati, akamrushia mpaka bwana yule akachoka kutazama. "Sarafu haijui umepata mabinti wangapi," akamwambia, "na upande wa mvulana ni wewe unaoutoa, si yeye." Yule mke wa kwanza alimletea Mwalimu kuku, na wakikutana njiani alimpigia magoti hata kwenye tope.

Na hakuna siku nilimwona amelikasirikia shamba. Kuna hindi lililokataa hesabu, likatoa nusu kwa nusu, au weupe ukazidi. Wanafunzi walikuja na nyuso za kuomba radhi kana kwamba wao ndio walioharibu. Yeye alicheka. "Hindi moja ni ushahidi mdogo," alisema. "Leteni mengine, tena mengi. Labda chavua ya nje imeingia, labda mmehesabu vibaya, labda ni bahati tu." Alikuwa na sababu nyingi za kulisamehe hindi. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Jambo lililompa sifa hadi ng'ambo ya mpaka ni la bibi mmoja jirani yetu na wifi yake. Bibi huyu alikuwa amenunua mbegu chotara upande wa Kenya, kwenye duka la pembejeo la Mwislamu mmoja wa mjini, akavuna mahindi ambayo watu walikuja kuyatazama. Akafanya kama mama zetu wote wanavyofanya: akachagua mahindi makubwa kuliko yote, akayaning'iniza jikoni juu ya meko yapate moshi, akayaweka yawe mbegu. Alipoyapanda, shamba likaota kama umati wa watu wasiojuana. Huku refu, huku fupi, huku hindi limejaa, kule gunzi tupu. Na kwa kuwa wifi yake alikuwa amepita shambani hapo siku ya palizi bila kusalimia, kesi ikawa imekwisha kabla haijaanza.

"Huyu ameroga shamba yangu!" bibi alipiga kelele mbele ya wazee. "Mbegu ni ile ile, mikono ni ile ile! Sasa angalieni, ingine refu, ingine iko kama kidole ya mtoto. Hii ni kazi ya mtu!"

Vijana walikuwa wameshaokota mawe. Sisemi kwa kupamba. Wifi yule alikuwa amekaa chini, kitambaa kimemtoka kichwani, na hakuna aliyemsaidia kukiokota. Mwalimu akaingia katikati na hindi la madoa mkononi.

"Mbegu si ile ile, mama," akasema. "Ile ya dukani ilikuwa ndoa. Hii uliyopanda ni watoto wa ndoa ile, na watoto hugawana, mmoja huchukua urefu wa babu, mwingine ufupi wa bibi."

"Kwa hiyo Mwalimu anasema hakuna mtu ameroga?"

"Kama kuna aliyeroga ni moshi wa jiko lako. Mbegu ya duka hairudiwi. Msimtoe mtu roho kwa ajili ya wajukuu wa mahindi."

Akawatembeza wote kwenye kishamba chake, akawaonyesha wajukuu wake mwenyewe, warefu kwa wafupi, weupe kwa zambarau. Mawe yakaachwa yalipokuwa. Wifi yule yu hai mpaka leo, anauza dagaa sokoni, na kila aniuziapo huniongeza kiganja kimoja kwa heshima ya Mwalimu. Huwa napokea. Dagaa hawana kosa.

Basi mtu huyo, aliyemwokoa mwanamke wa watu kwa hesabu za mahindi, ndiye aliyemzika mama yangu akiwa hai kwa hesabu hizo hizo. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu alijinyoa, ila alikata nyumba nzima.

Katika kitabu alichofundishia, baada ya kurasa za njegere na mahindi, ulikuwepo ukurasa wa masikio. Ulisema kuna watu ambao nyama ya chini ya sikio inaning'inia, na wengine imeshikana na shavu. Kwamba inayoning'inia ndiyo yenye sauti kubwa, kama zambarau, na iliyoshikana ndiyo yenye sauti ndogo, kama nyeupe. Ukipanda mweupe kwa mweupe hupati zambarau. Kwa hiyo wazazi wawili wenye masikio yaliyoshikana hawawezi kumzaa mtoto mwenye masikio yanayoning'inia. Aliwatuma wanafunzi waende makwao wakatazame masikio ya wazazi wao. Sijui nyumba ngapi ziliingia mashaka jioni ile. Najua moja.

Alirudi akachukua kioo chake cha kunyolea, akakaa barazani. Akajitazama: yameshikana. Akamwita mama kutoka jikoni: yameshikana. Akamwita kaka yangu: yameshikana. Akaniita mimi. Nilikuja mbio, maana hakuwa na desturi ya kunishika uso, nikadhani nimefanya jambo zuri. Akalishika sikio langu kwa vidole viwili, jinsi alivyokuwa akizipima punje, akalivuta kidogo, likaning'inia.

"Chavua ya nje," akasema.

Mama alikuwa binti wa mkulima wa Kisamia. Maneno ya shamba hakuhitaji kufasiriwa. Alikuwa ameshika mwiko, na ugali ulikuwa bado motoni.

"Mwalimu, unasema mimi nini?"

"Mimi sisemi kitu. Kitabu ndicho kinachosema."

"Kitabu ilikuwa kwa nyumba siku mimi nalala na wewe?"

Hakumpiga, hakutukana, wala hakumwita mtu. Angepiga kelele wazee wangekuja, wangekaa, wangeuliza, na huenda mtu mwenye akili angesema tuleteni masikio mengine, tena mengi. Yeye aliyesema hindi moja ni ushahidi mdogo alitosheka na sikio moja. Kuanzia hapo alihamia chumba cha mbele na vitabu vyake. Akinikuta njiani ndani ya nyumba alinipisha kama mgeni. Hakutufukuza, la, mtu muungwana yule! Alituacha tukae mpaka tukashindwa wenyewe. Mjomba wangu alikuja kutuchukua, mama na mimi. Kaka alibaki, kwa kuwa masikio yake yalifaulu.

Sasa, ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa. Hilo ndilo lililomshika mama maisha yake yote. Kwetu Samia na kwao Mwalimu, huko Mwello, jambo hili ni moja: mwanamke aliyetolewa ng'ombe huzikwa kwa mumewe. Akizikwa kwa kaka zake, kaburi lake linasema maneno ambayo hakuna mtu atakayeyafuta. Mama alikuwa bado kijana, na wanaume walimjia, mmoja akiwa na lori lake. Alikataa. Alienda Tiira kuosha mchanga wa dhahabu kwenye mashimo, mikono ikababuka kwa zebaki, akanilipia karo, na jibu lake likawa lile lile: "Mimi ni bibi ya mtu. Siku yeye ataona amekosea, atakuja kunichukua. Kama sio mzima, basi maiti."

Na karo hiyo ilinipeleka wapi? Kwenye shule yake. Sekondari nyingine ilikuwa mbali. Nilikaa mstari wa mbele, nywele nimenyoa kama ilivyotakiwa, masikio yangu wazi mbele yake, naye akalifundisha somo la sarafu na mahindi bila kutetereka hata neno. Alipofika ukurasa wa masikio aliusoma akitazama dirishani. Lazima niseme haki: katika kusahihisha hakunionea hata nusu alama. Nilipoongoza darasa katika mtihani wa somo lake alinipa zawadi aliyompa kila aliyeongoza, hindi zuri kuliko yote ya mwaka ule, mbele ya shule nzima. "Chukua, binti wa Masinya," akasema. Wenzangu wote aliwaita kwa majina ya baba zao. Nililipeleka hindi hilo kwa mama, akalikoboa, akalisaga, tukala uji.

Nilisomea kilimo katika chuo kimoja upande wa Tororo, na huko ndiko nilikousikia ukweli, tena kwa njia ya kejeli. Mhadhiri alikuwa akitueleza kwa nini rangi ya punje inatabirika na mavuno ya shamba hayatabiriki kirahisi, akasema sifa nyingine hubebwa na vinasaba vingi vinavyovutana, wala haziingii kwenye makopo mawili. "Kama masikio," akasema. "Vitabu vya zamani viliwadanganya watu kwamba sikio linaning'inia au limeshikana, basi. Tazamaneni. Kuna yaliyo katikati ya katikati. Na wazazi walioshikana wote wawili wanaweza kupata mtoto anayening'inia, hakuna ajabu." Darasa likacheka, wakaanza kushikana masikio. Mimi nilichukua daftari langu nikatoka nje.

Nilirudi Masinya siku hiyo hiyo kumwambia mama. Alikuwa anapepeta mtama. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi.

"Mimi nilijua mbele ya huyo profesa yako," akasema.

"Niende nimwambie?"

"Hapana. Wewe ukienda, itakuwa mtoto amefundisha mzee, atakasirika tu. Mwacheni. Yeye nasoma kila siku. Atafika kwa hiyo ukurasa mwenyewe, na atakuja."

Hiyo ndiyo imani aliyokuwa nayo kwake. Nilimchukia Mwalimu kwa mengi, lakini zaidi kwa hilo, kwamba mama alimwamini kuliko alivyoamini kanisa.

Mama alikufa mwaka jana, kifua. Kaka, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, alipanda pikipiki usiku wa matanga haujaisha akaenda Mwello, ambako Mwalimu alirudi kukaa baada ya kustaafu. Alimpigia magoti. Akamwomba neno moja tu, mama aletwe. Mwalimu akasema, "Fanyeni mnavyoona."

Fanyeni mnavyoona! Wajomba zangu walilisikia jibu hilo wakatazamana. "Maiti haipelekwi mahali haijaitwa," mkubwa wao akasema, na hakukosea. Tulimzika mama ukingoni mwa shamba la mihogo la mjomba, pale wanapozikwa mabinti ambao hawakuolewa. Waombolezaji waliliona kaburi, wakaelewa walichoelewa. Iliniuma, na bado inaniuma sasa hivi ninapoandika.

Baada ya matanga nikaona marufuku ya mama imekwisha naye. Nilikwenda Mwello. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, maneno ya chuo yamenijaa kinywani. Dada yake Mwalimu alikuwa anasonga ugali wa wimbi. Aliniona akaacha mwiko, akanipokea kwa mikono miwili. "Yoga, yoga," akanisalimu kwa lugha yao, na macho yake hayakuweza kutulia usoni pangu. Mwalimu alikuwa uani juu ya kiti cha plastiki, fimbo mapajani, amekonda, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini nilipomwamkia aliitambua sauti.

"Binti wa Masinya," akasema.

Nikamwambia nilichokuja kumwambia. Nikamweleza vinasaba vingi, makopo mawili, wazazi walioshikana na mtoto anayening'inia. Nilizungumza vizuri, Mungu anisamehe, nilizungumza kama yeye.

"Najua," akasema.

Nilidhani hajasikia. Nikaanza upya.

"Najua," akarudia. "Kilikuja kitabu kipya. Wewe ulikuwa umemaliza, umeshaondoka. Niliwaambia wanafunzi waukate ukurasa ule kwa kalamu, na waliokuwa wamenukuu nikawafutisha. Nilisimama mbele ya darasa zima nikasema nimewafundisha kosa. Mwalimu akikosea lazima asahihishe."

Kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake, naapa.

"Na mama?"

Alizungusha fimbo mapajani. Nilimsubiri. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na ugali, hasogei mbele wala nyuma.

"Mama yako hakuwa darasani," akasema.

Yote niliyoyapanga yalikuwa ya mtu asiyejua, na huyu alijua tangu zamani, alijua mama akiwa bado anaosha mchanga Tiira, akiwa bado anawakataa wanaume, akiwa na miguu ya kutosha kutembea mwenyewe mpaka hapa uani.

Mwalimu akauliza mama kazikwa wapi. Nikamwambia, ukingoni, kwenye mihogo, mahali pa mabinti.

"Mngemleta," akasema. "Hapa pana nafasi."

Akainua fimbo akaelekeza ng'ambo ya ua, yalipokuwa makaburi ya mama yake na ya wake za ndugu zake. Nikatazama. Kweli nafasi ilikuwepo, kubwa, imefyekwa vizuri, na mbuzi wa dada yake alikuwa amefungwa katikati yake, anakula majani.